Kitabu cha Kufunua Ardhi

Januari, shule zikiwa zimefungwa na mvua ikinyesha kila alasiri, Mwalimu Zulma Chuquimia alikuwa jikoni kwake akikata maboksi ya tambi na ya biskuti kwa wembe. Alikuwa anawatengenezea vitabu watoto wake wa chekechea. Vilikuwa vidogo, vya kuenea kiganja cha mtoto wa miaka minne, na havikuwa vya kusoma, kwa sababu wale hawajui kusoma. Vilikuwa vya kufunua, kuvuta na kuzungusha. Mwenyewe aliviita vitabu vya dunia.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na ua wa shule, na ua huo ulikuwa kifuniko cha karatasi. Ukikifunua unakuta udongo mweusi, ukifunua huo unakuta udongo wa mfinyanzi, ukifunua wa mfinyanzi unakuta mwamba, na chini kabisa moto, aliouchora kwa rangi ya kucha kwa kuwa nyekundu nyingine ilimwishia. Ukurasa wa pili ulikuwa na milima miwili na utepe katikati. Ukiuvuta, milima inasogeleana, ili watoto waone jinsi Andes ilivyosukumwa ikapanda. Wa tatu ulikuwa na gurudumu la jiwe, mchanga, tope na bahari, halafu jiwe tena.

Shangazi yake, Bi Encarna, alikuwa ameketi mbele yake akimenya viazi na kumwangalia kwa huruma. Hakuona sababu ya mwanamke mzima aliyekwishapita miaka thelathini kushinda na gundi vidoleni.

"Mambo kama haya ndiyo yanakuzuia kuolewa," alisema.

"Shangazi, menya viazi."

"Namenya kwa mikono. Mdomo uko huru."

Bi Encarna ana kibanda cha mkate ng'ambo ya korongo, na mambo ya ndani ya ardhi hayamhusu. Mpwa wake ndiye anayemhusu. Sasa, tarehe ishirini na nne ya mwezi huo ni Alasitas, na La Paz nzima huteremka mjini kununua vitu vidogo: kijumba, kijigari, kiduka cha plasta, sanduku la safari la ukubwa wa kiberiti. Unanunua kile unachokitamani kikiwa kidogo, na saa sita kamili mchana yatiri, yaani mtu wetu wa kubariki, anakifukiza ubani na kukinyunyizia pombe na petali za maua. Basi Ekeko, yule kijibwana mnene mwenye sharubu, anakuletea kikubwa chake mwaka huohuo. Hilo halina mjadala. Kuna jirani yetu alibariki kijibasi akapata basi, japo breki zake ni za kuombea dua.

Bi Encarna alishuka na kiduka chake cha plasta, na kwa kuwa mbeleko ilikuwa na nafasi, alitia humo kitabu kimoja cha mpwa wake, kile chenye jalada la boksi la tambi. Alifikiri hivi: kitabu ni kidogo, kikibarikiwa kitakuja kikubwa, mtoto wa watu atachapishiwa vitabu vya haja na kuachana na wembe. Mtu yeyote wa hapa angefikiri hivyohivyo. Yatiri aliyempata alikuwa na foleni ndefu na macho mekundu kwa moshi, wala hakuuliza ni kitu gani. Alifunua ukurasa mmoja mmoja, akamwaga pombe kidogo juu ya ua, kidogo juu ya milima, kidogo juu ya gurudumu, kengele za kanisa zikigonga saa sita. Kitabu kilirudi jikoni kikinuka ubani. Bi Encarna alikichomeka katikati ya vingine akanyamaza, akisubiri mwenye kiwanda cha kuchapa abishe hodi.

Shule ikafunguliwa Februari. Chekechea yetu iko chini kabisa ya Villa Amancaya, pale mtaa unapokwisha na korongo linapoanza. Ina vyumba viwili, ua wa saruji, bomba moja, na ufa ukutani ambao Mwalimu Zulma huuziba kila mwaka, na kila mwaka hurudi na mwenzake. Siku ya somo la kwanza la dunia aliwaketisha watoto uani na kuwagawia vitabu. Kile cha boksi la tambi kilimwangukia Yoselin, binti ya Bi Nemesia mshonaji, mtoto mwenye meno machache na maswali mengi.

Yoselin alifunua kifuniko cha ua. Ua nao ukafunuka. Ulianzia kwenye kona ya bomba, ukainuka kama mkeka unaopinduliwa ili watu wafagie, ukajikunja na kuegemea ukuta wa choo. Watoto walirudi nyuma kidogo, kwa sababu waliokuwa mbele walikosa mahali pa kuketi.

"Mwalimu, kumefunuka," alisema Yoselin.

"Nimeona. Sogea upande wa mlango. Edilson, usiegemee, utachafua sweta."

Chini ya saruji hakukuwa na udongo mweusi. Kulikuwa na vifusi, matofali yaliyovunjika na masinki. Yoselin alifunua kifuniko cha pili, na vifusi navyo vikajikunja pembeni, ikaonekana mifuko ya taka, ya buluu na myeusi, imebanana kama abiria. Kifuniko cha tatu kikatoa matairi. Cha nne kikatoa chupa, chupa tupu, za bia na za soda, na nyingine bado zina vizibo. Chini ya chupa, mahali ambapo Mwalimu Zulma alikuwa amechora moto kwa rangi ya kucha, palikuwa na mto. Ulikuwa wa kahawia, unakwenda kasi gizani, hauna habari na mtu.

Watoto walifurahi kupita kiasi. Walilala kifudifudi kuzunguka lile shimo, wakatema mate ili waone yanachukua muda gani kufika. Edilson akalinganisha kitabu chake na ardhi, akakunja uso.

"Mwalimu, kitabu chako kimekosea."

"Hakijakosea. Ndivyo inavyotakiwa kuwa."

"Basi ardhi ndiyo imekosea?"

Mwalimu Zulma alisema hilo watalizungumza baada ya uji. Lakini ni mwalimu, na mwalimu hawezi kuacha somo liende bure, kwa hiyo aliwafundisha tabaka walizoziona, kutoka juu mpaka chini, kwa wimbo wa kupiga makofi: vifusi, mifuko, matairi, chupa, maji. Walishika haraka kuliko siku za juma. Ulipofika wakati wa kwenda nyumbani, Yoselin alirudisha vifuniko kimoja kimoja kwenye kitabu, na watoto wengine wakashika pembe za ua, wakaulaza chini taratibu kama watu wanaotandika shuka. Kisha wakarukaruka juu yake ili ukae sawa. Mwalimu Zulma aliwaambia wasiruke.

Siku zilizofuata zilikuwa za raha, sitawadanganya. Edilson alivuta utepe wa ukurasa wa pili wa kitabu cha Yoselin, na upande wa pili wa korongo ukaja, na kibanda cha Bi Encarna juu yake, na Bi Encarna mwenyewe ndani akihesabu mikate, mpaka ukabaki umbali wa mkono.

"Umekonda," Bi Encarna alimwambia mpwa wake, akampa kikapu cha mkate juu ya korongo. "Hawa watoto wanakumaliza."

"Shangazi, hiki kitabu umekifanyia nini?"

"Nimekubariki. Asante iko wapi?"

Basi hadithi yote ikatoka. Mwalimu Zulma alisikiliza, akafikiri, kisha akauliza swali moja: mwamba aliuchora, na mwamba umebarikiwa pamoja na vingine, sasa kwa nini haukuja?

"Ekeko anakuletea unachokitamani ukikishika," alisema Bi Encarna. "Watoto walitamani kufunua. Wamefunua. Mwamba aliutamani nani?"

"Mimi."

"Wewe hukupanga foleni." Na Edilson akaachia utepe, kibanda kikarudi ng'ambo, Bi Encarna akipunga mkono.

Gurudumu lilileta bahari. Mtoto mmoja alilizungusha kinyumenyume mpaka mwisho, na ile bahari iliyokuwa imelala juu ya nchi yetu zamani, kabla ya milima, ikaingia uani mpaka kwenye vifundo vya miguu, baridi, na makombe ndani yake. Jirani yetu Mzee Anacleto alitumikia jeshi la majini maisha yake yote bila kuiona bahari, kwa kuwa nchi ilikwishaipoteza vitani babu yake akiwa kijana. Aliitwa. Alikuja na kofia yake ya kazi, akavua viatu, akasimama ndani ya maji na suruali imekunjwa, akapiga saluti. Alikaa pale mpaka kipindi cha kuchora kikaisha. Alipotoka alisema alidhani ingekuwa na chumvi zaidi.

Lakini Mwalimu Zulma hakulala. Akifumba macho aliuona ule mto, na juu ya mto chupa, na juu ya chupa matairi, na juu ya yote yale watoto wake wakirukaruka. Aliogopa. Hakuna neno jingine la kulisema hilo, na yeye hakutafuta jingine. Villa Amancaya mvua kubwa huja Machi, na mlima wa taka ukishiba maji hufanya kile ambacho kila mtu wa La Paz amekiona angalau mara moja, jioni, akiwa upande wa pili wa korongo, nyumba zikiteremka moja baada ya nyingine na taa zake zinawaka.

Akaamua kujua ardhi nzuri iko wapi. Aliwapanga watoto wawili wawili, wakashikana mikono, wakapanda mtaa, Yoselin mbele na kitabu. Kila waliposimama walifunua. Barabara ya kwanza: taka. Ya pili: taka. Mama zao walitoka milangoni na miiko mkononi kutazama kilicho chini ya jiko lao. Bi Nemesia aliona jokofu chini ya lake, jokofu zuri kwa kulitazama, akasikitika kuwa mlango wake umeng'oka. Mwingine aliona kitanda cha hospitali. Watu walichungulia, wakaambiana kumbe, wakarudi kukaanga vitunguu.

Juu kabisa, kwenye ukumbi wa mtaa, Yoselin alifunua na hakukuwa na kitu cha kufunua tena. Ulikuwa mwamba mtupu, wa kijivu, msafi, unaanzia chini ya ukumbi na kuishia chini ya nyumba ya jirani, ambayo ni ya Bwana Remberto Loza. Na ndani ya mwamba kulikuwa na tundu la mviringo, la kupitisha kikombe, lililotobolewa kwa mashine na kuzibwa kwa saruji.

"Mwalimu, tundu kama hili lilikuwepo kule kwetu pia," alisema Yoselin. "Lilikuwa linapita kwenye matairi."

Walirudi wakafunua tena. Yalikuwepo kila mahali, barabara kwa barabara, matundu ya kipimo kilekile, yanashuka kwenye vifusi, mifuko, matairi na chupa mpaka majini. Mtu alikuwa ameutoboa mlima mzima kabla hajauuza.

Bwana Loza ndiye aliyeuuza. Kila mtu hapa alinunua kiwanja kwake, na kila mtu anakumbuka alivyokuwa akipiga kisigino chini na kusema, sikia huo mlio, mwamba huo, hapa utazikwa na wajukuu zako. Sasa ni mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Ni mtu mkunjufu, mwenye tumbo la sherehe. Ndiye baba wa ubatizo wa nusu ya watoto wa Villa Amancaya, Yoselin akiwamo, na mtu aliyemshika mwanao juu ya maji ya baraka humwendei hivihivi na maneno ya matairi.

Mwalimu Zulma alimwendea. Bwana Loza akamkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema jambo hili ni la wote na litajadiliwa na wote, na Jumapili akaitisha mkutano.

Ukumbi ulijaa. Kwa kweli ulikuwa umejaa tangu kabla, kwa sababu mavazi ya ngoma yetu ya morenada yalikuwa yamehifadhiwa humo kungojea sherehe ya Mei, magauni na makoti mazito ya shanga na manyoya, yametundikwa kuta zote nne na kufunikwa kwa nailoni. Watu walikaa katikati ya mavazi. Mwalimu Zulma alisimama akaeleza. Hakupamba. Alisema chini ya chekechea kuna taka na chini ya taka kuna mto, kwamba mvua inakuja, kwamba mwamba uko hapa walipokaa, na kwamba anaomba ukumbi kwa watoto kwa miezi ya mvua tu. Alisema anaogopa. Kisha alimgeukia Bwana Loza, akasema yeye alitoboa, kwa hiyo alijua.

"Nilitoboa, sikatai," alisema Bwana Loza. "Nilikuwa natafuta mwamba. Nikaupata. Na juu yake nikajenga nini? Ukumbi wenu. Ningekuwa mtu mbaya si ningejenga nyumba yangu?"

"Na nyumba yako iko wapi?" aliuliza Mwalimu Zulma.

"Hapo pembeni. Nani mwingine angeulinda ukumbi?"

Watu walicheka. Anachekesha, hilo hakuna anayemnyima. Kisha Mzee Anacleto akaomba kusema, akasema kwa masikitiko, kofia mkononi.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu, umenionyesha bahari. Lakini tukiwahamishia watoto mwambani, tutakuwa tumekiri. Watauliza, na nyinyi wengine mnalalia nini? Hati zetu za viwanja ziko huko ofisini zinasubiri mhuri. Nani atatia mhuri juu ya matairi?"

Mtu akasema kwamba mto umepita huko chini miaka yote na hajawahi kuusikia ukilalamika. Mwingine akasema kwamba taka ikishindiliwa nayo inakuwa mwamba, ukiipa muda, na kwamba kitabu cha Mwalimu chenyewe kina gurudumu linaloonyesha hivyo. Mwingine akauliza mavazi yataenda wapi, maana yakilowa yameharibika, na mtoto akilowa anakauka. Bwana Loza akasema wanaotaka watoto wahamie ukumbini wainue mikono.

Mwalimu Zulma aliinua wake. Aliinua pia mzee mmoja aliyekuwa amesinzia mlangoni akidhani wanauliza nani anataka bia. Basi. Mikono mingine yote ilibaki mapajani, na wenye mikono hiyo walikuwa wanaangalia viatu.

Bi Nemesia, mama yake Yoselin, alimfuata Mwalimu Zulma nje. Ndiye aliyeshona nusu ya yale mavazi, na nusu nyingine alikuwa bado anaidarizi, humohumo ukumbini, kila siku.

"Mwalimu, mimi moyo uliinua mkono," alisema. "Mkono wenyewe ndio uliokataa."

"Nimekuelewa, Bi Nemesia."

"Usinielewe. Nikasirikie kidogo."

Mwalimu Zulma alimkasirikia kidogo, wakaachana kwa amani.

Baada ya hapo mtaa ukazoea. Wenye nguo nyingi walimwomba Yoselin awafunulie jioni ili wafulie mtoni, ingawa nguo zilitoka na rangi ya chai. Wengine walishushia bia zao kwenye tabaka la chupa zipoe, wakizitia alama wasije wakachukua zisizo zao. Jumanne ya sadaka, ile ya wiki ya Carnival tunapoimwagia ardhi pombe na kuitupia petali na riboni, hakuna aliyemwaga juu ya sakafu kama zamani. Tulifunua, tukashusha glasi yenyewe kwa kamba, na glasi ikapanda tupu. Wageni walianza kuja kutoka mitaa mingine, na wauza uji wa mahindi ya zambarau wakawafuata. Bwana Loza, ambaye bado alikuwa na viwanja vichache vya chini visivyouzika, alivipigia kibao kipya: Viwanja vyenye maji chini yake. Viliuzika vyote. Kimoja alikinunua kijana aliyekuja na mkewe mjamzito, na Bwana Loza aliwaahidi kumbatiza mtoto.

Mwalimu Zulma aliandika, alipiga simu, alipanga foleni mjini pamoja na kitabu chake cha boksi la tambi. Dirishani walimwuliza kama kuna mtu ameanguka. Alisema bado. Wakamwambia arudi mtu akianguka.

Basi akaweka utaratibu wake. Kila asubuhi, kabla ya kuingia darasani, Yoselin alifunua na watoto wakatazama mto umefika wapi. Maji yakiwa chini ya chupa, wanaingia. Watoto waliupenda utaratibu huo kuliko kitu chochote, waligombania nani atalala mbele kuchungulia, na waliupa mto majina, kila siku jina jipya. Chupa zilipoanza kuelea walipiga makofi.

Machi ilikuja na mvua yake. Asubuhi moja ilinyesha kwa namna ambayo hatukuiona kwa muda mrefu, maji yanateremka ngazi za mtaa kama yamechelewa kazini. Mwalimu Zulma hakungoja kufunua. Aliwapanga watoto wawili wawili, akawapandisha juu, wote wakiwa wamejifunika vipande vya nailoni, wanaimba, kwa sababu kwao hiyo ilikuwa matembezi. Ukumbi ulikuwa umefungwa. Ndani taa inawaka na cherehani inalia. Akagonga.

Bi Nemesia alifungua dirisha. Alikuwa na uzi mdomoni.

"Mwenyekiti kasema mlango usifunguliwe, unyevu unaingia kwenye manyoya," alisema. Akawatazama, wamejipanga chini ya ukingo wa paa, visigino vimebana ukuta. Kisha akanyoosha mikono nje. "Yoselin, njoo. Wewe ni mdogo, utapita hapa."

"Na Edilson?" aliuliza Yoselin.

"Edilson ana mama yake."

"Mama yake yuko sokoni."

Bi Nemesia aliibakiza mikono yake nje pale, inanyeshewa. Yoselin aliitazama, akaishika kidogo kwa heshima, kama mtu anavyompa mkono mgeni, kisha akarudi kwenye mstari wake akamshika Edilson. Nyuma ya Bi Nemesia makoti yalining'inia mistari kwa mistari, yamekauka vizuri, shanga zinang'aa. Cherehani haikulia tena.

Walisimama pale mpaka mvua ilipopungua. Watoto walianza kupiga chafya na kudai uji, na uji uko chini, na jiko liko chini. Mwalimu Zulma alitazama mlango wa ukumbi, akatazama mtaa, akafuta uso. Alikuwa analia na hakuficha, na watoto walidhani ni mvua, wakamwambia imemlowesha na yeye. Akawashusha.

Uani Yoselin alifunua kitabu. Saruji ikajikunja, vifusi vikajikunja, mifuko ikajikunja, na chini yake hapakuonekana tairi wala chupa. Walilala kifudifudi wakachungulia, wakasukumana, wakacheka. Mto ulikuwa karibu kiasi kwamba Edilson aliugusa kwa kidole, akapangusa kidole kwenye sweta. Kabla ya siku hiyo hawakuwahi kuufikia, na ilikuwa furaha kubwa. Kisha walishika pembe za ua, wakautandika, wakafuta miguu mlangoni, wakaingia darasani.

Mwalimu Zulma aliwapa uji. Aliwaketisha upande wa mlango, akauacha mlango wazi, naye akasimama mlangoni. Halafu, kwa kuwa walikuwa wanamtazama na siku ya masomo ni siku ya masomo, akauliza nani atamwambia kuna nini chini yetu, kutoka juu mpaka chini.

Walijua wote. Walipiga makofi, wakaimba kwa sauti moja:

"Vifusi, mifuko, maji."

Mwalimu Zulma akawaambia wamepata, maana walikuwa wamepata.